Ngozi Iliyolindwa na Bundi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, fahali wa harusi yangu alikuwa amefungwa mtini, mkuki umeshanolewa, wazee wameshakaa kwenye vigoda vyao, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuinuka. Kisa? Bundi. Naam, bundi, wa ukoo wa hawa hawa unaotaka niwatoe stoo kabla wageni wako hawajafika.

Ujumbe wako niliupata. Mama yako alinisomea kwenye simu huku akijizuia kucheka: "Ata, bibi yangu, hiyo stoo yako iko na bundi. Watu wa Kakuma wakikuja wapate hao ndege tutaaibika. Tafuta mtu awatoe, na hao panya uwawekee dawa." Mimi sikujizuia. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikamwambia mama yako, mwambie bibi harusi neno kama hili bibi yake hajibu kwa kidole. Aje nimjibu kwa mdomo.

Sasa umekuja. Vua hivyo viatu virefu, vuta ngozi ukae, unywe maziwa. Na wewe mwingine ambaye hukuitwa lakini umekwisha kukaa, kaa tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mambo haya ni ya kila mtu aliye na paa.

Nilizaliwa papa hapa Nawoitorong, wakati ambapo ukisimama juu ya kile kilima ungeweza kuuona mji wote wa Lodwar bila kugeuza shingo. Baba yangu alikuwa akilima mtama kando ya mto Turkwel mvua ikikubali, na mvua ikikataa alinunua ngozi za mbuzi na kuziuza kwa wafanyabiashara wa Kitale. Mtama na ngozi vyote vilikaa ndani ya stoo ile ile unayoiona, ya udongo, yenye kidirisha juu karibu na paa. Bundi waliingia kwa kidirisha hicho kabla sijazaliwa. Ni wale weupe kifuani, wenye uso wa duara kama sinia. Kila aliyetaka kuziba kidirisha alikutana na bibi yangu, Ata Nakiru, ambaye jina lake ndilo jina lako. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa macho, na tabaka la shanga shingoni mwake lilikuwa zito kuliko yeye mwenyewe.

Basi babu yako Ekal, Mungu amlaze pema, akanipenda. Alikuwa kijana wa upande wa Kakuma, mrefu, mpole, mpole mpaka ukataka kumfinya uone kama yu macho. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na shangazi yake, Atabo. Ilijulikana kote kwamba Ekal haoi pasipo neno la Shangazi Atabo. Na huyo mama, wacha nikwambie, alikuwa na sauti! Akisema "ejok", ile salamu yetu, huku, wanaochota maji ng'ambo ya mto wanaitikia.

Walifika jioni moja wakiwa na fahali mweusi mwenye pembe za kupendeza, wazee wakiongoza, wanawake wakiimba nyuma. Shangazi Atabo alibeba kitu kimoja tu, na hakumruhusu mtu yeyote kukigusa: ngozi ya bibi harusi. Kwa desturi ya nyumba yao, ngozi atakayovaa mwanamke siku anapoacha usichana hutoka upande wa mume. Alikuwa ameishona mwenyewe, ngozi laini ya mbuzi, shanga pembeni mwote, kisha akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo na udongo mwekundu mpaka inang'aa. Alipoifungua kidogo nione, nikasahau hata kumsalimu Ekal. Harufu yake ya mafuta ilijaza boma zima. Ikumbuke hiyo harufu, tutairudia.

Baba akachinja mbuzi wa kuwakaribisha. Baba mdogo wa Ekal, Mzee Lomuria, alikuwa bingwa wa kusoma matumbo. Unajua wazee wetu wanavyofanya: matumbo yanatandazwa juu ya majani, mzee anainama, anaona njia ya mvua iko wapi, adui yuko wapi, ndoa itakuwaje. Akainama, akapapasa kwa kijiti, akanyanyuka akitabasamu. "Sioni baya," akasema. "Naona majani mabichi. Naona watoto." Wanawake wakapiga vigelegele.

Vigelegele vilipotulia tu, ndipo stoo ikajibu. Khshshshsh! Sauti ndefu ya kukwaruza, kama mtu anakoroma huku amebanwa na mafua. Ni makinda, walikuwa wamesikia kelele wakadhani chakula kimefika.

Shangazi Atabo akageuza kichwa polepole. "Nini hiyo?"

Baba yangu, maskini, hakuwahi kujifunza kudanganya. "Bundi," akasema. "Ana watoto."

Ole wetu! Shangazi alisimama akakung'uta vumbi kana kwamba limemwunguza. "Bundi! Ndani ya boma la bibi harusi! Mnamleta mtoto wetu kwenye uchuro na mnatutandikia ngozi tukae!" Mzee Lomuria akajaribu: "Lakini dada yangu, matumbo yamesema..." Shangazi akamkata. "Matumbo ya mbuzi yanajua nini habari za ndege?" Mzee akalimeza neno lake pamoja na kipande cha ini alichokuwa akitafuna.

Kisha akatoa hukumu, na wote tuliisikia. "Ama ndege huyo na watoto wake wafe, ama fahali huyu anarudi Kakuma kesho. Na Ekal anarudi naye."

Nikamtazama Ekal. Ekal akatazama vidole vyake vya miguu. Nilimpenda babu yako, lakini siku ile ningempiga kofi.

Alikuwepo jirani yetu Bwana Abdi, mwenye duka, Msomali mmoja mchangamfu aliyeletea familia yetu sukari ya harusi. Akaingilia kati apoze moto: nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba, kando ya magunia ya mahindi, wanawake wageni walale huko kwa heshima. Shangazi akakubali papo hapo. Akaikunja ngozi yake, akaitia kwapani. "Ngozi yangu hailali chini ya bundi," akasema, akaenda zake na wenzake wakimfuata.

Sasa, mwanangu, nisikilize nilivyofanya mimi, maana akili ya msichana anayetaka kuolewa hukimbia kuliko miguu yake. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilichukua ule mti mrefu wenye ndoano, ule tunaotikisia matawi ya mgunga, tunaouita ewoi, mbuzi wapate maganda ya kula. Nikaingia stoo. Nikapanda juu ya magunia ya mtama, nikainua ncha ya mti kuelekea boriti. Nilijisemea, nitapiga mara moja, yataisha, nitakuwa mke wa mtu.

Nikawaona. Makinda ya ukubwa tofauti, mkubwa, wa kati na kadogo kabisa, yote yamevaa manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Yalikuwa yameshikana bega kwa bega, yakinitolea sauti ile na kuyumbisha vichwa, huku, kule, huku, kule. Ilikuwa kama ngoma! Kale kadogo kalijaribu kuyumba kama wakubwa wake kakaanguka kifudifudi. Nikacheka, nakwambia, nikiwa na mti wa kuulia mkononi.

"Shuka," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Ata Nakiru. Nikashuka.

"Ndege huyo amekukosea nini?"

"Ananikosesha mume, Ata."

"Ni yeye, au ni mdomo wa mtu?"

Akasogea karibu, akaushika ule mti, lakini hakuninyang'anya. Alisema taratibu, na mpaka leo naweza kukuonyesha mahali aliposimama. "Leo umeambiwa anayelia usiku ni mkosi, ukashika mti. Haya. Mimi ni mzee. Usiku nakohoa. Wakati mwingine naongea na babu yako marehemu, nikisahau kwamba hayupo. Macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi. Kesho mtu akija akakwambia mwanamke mzee anayekohoa usiku ni mkosi, mti huo utaupeleka wapi?"

Machozi yalinitoka kabla sijajua yanatoka. Nilimpenda yule bibi kuliko mtu yeyote, na nilijua amesema kweli, maana katika nchi hii wapo wazee waliofukuzwa kwa sababu nyepesi kuliko hiyo. Nikaangusha mti. Naye, badala ya kuendelea kunichapa kwa maneno, akanifuta uso kwa kiganja chake kigumu, akacheka. "Na tena umekuja kumpiga mchungaji wetu saa ya kazi," akasema. "Inama, nikuonyeshe mifugo yake."

Chini ya boriti, sakafuni, palikuwa na vidonge vyeusi vingi, vikavu, kama kidole gumba hivi. Nilikuwa nikivifagia tangu utotoni nikidhani ni mavi. Kumbe siyo. Bundi humeza mnyama mzima, halafu mifupa na manyoya anavitapika vikiwa vimeviringwa. Ata akavunja kidonge kimoja. Ndani, mwanangu, fuvu dogo jeupe lenye meno ya njano. Akavunja kingine. Taya. Akavunja cha tatu, mafuvu yakatoka mawili kwa pamoja.

Akajaza mkono, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwa wazee waliokuwa wamebaki na huzuni yao kando ya fahali. Akavitandaza mbele ya Mzee Lomuria juu ya majani yale yale ya mbuzi. "Wewe ni msomaji," akamwambia. "Soma na haya."

Mzee Lomuria akakunja uso, akachukua kijiti chake, akaanza kupasua kwa adabu ile ile aliyosomea matumbo. "Panya," akasema. Akapasua kingine. "Panya." Kingine. "Panya. Huyu naye... panya, lakini mtoto." Wazee wakaanza kusogeza vigoda. "Panya. Panya. Hapa naona... subirini... panya!" Waliangua kicheko mpaka fahali akashtuka akataka kukata kamba. Mzee mmoja alisema hajawahi kusomewa bahati nzuri namna hiyo: adui wote wamekwisha kuliwa.

Basi wakakubaliana kwa kauli moja kwamba Shangazi Atabo lazima aelezwe. Tatizo likawa ni nani wa kumweleza. Huyu akasema wewe ndiye kaka yake, yule akasema wewe ndiye mwenye maneno matamu, mwingine akakumbuka ghafla kwamba goti linamwuma. Wanaume walioua simba kwa mkuki! Wakaamua wangoje asubuhi. Ata Nakiru akawaambia haraka haraka haina baraka, akaenda kulala.

Asubuhi ikaja na mayowe.

Yalitoka upande wa duka la Bwana Abdi, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Tukatoka wote. Shangazi Atabo alikuwa anakuja mbio, ngozi ya harusi ameishika mbele yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Panya wa magunia ya mahindi walikuwa wameisikia ile harufu. Mafuta ya mkia wa kondoo, mwanangu, kwa panya hiyo ni karamu! Walianzia ukingoni, shanga zimemwagika, nyuzi zimekatwa. Na katikati, mahali pa kukalia hasa, walikuwa wametoboa tundu ambamo kichwa cha mtoto kingepita.

Bwana Abdi alimfuata akiwa na kofia mkononi, hajui aombe radhi au acheke. "Mama, wallahi nisamehe," alisema. "Panya wale nimewashindwa. Nikiweka mtego wanakula chambo na kuniachia mtego. Mimi niko na duka, lakini wao ndio wenye stoo."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na safari hii hakikuwa mfano. Shangazi aliketi chini mavumbini. Ile sauti yote ikaisha. Nilimwona kwa mara ya kwanza alivyokuwa: mwanamke aliyemlea mtoto wa marehemu wifi yake kwa mikono yake, aliyekaa msimu mzima akishona shanga moja moja kwa ajili ya siku hii, na sasa hana cha kumvika mke wa mwanawe. Alilia kimyakimya. Hapo nikaacha kumchukia.

Wapo ambao wangemcheka. Ata Nakiru hakumcheka. Aliingia stoo, tukamsikia akiburuta kitu, akatoka na mzigo uliofunikwa kwa gunia kuukuu lililojaa madoa meupe. Maana hili nalo nikwambie ukweli: bundi hana adabu ya choo hata kidogo, ndiyo maana aliufunika. Akaondoa gunia. Ilikuwa ngozi yake mwenyewe ya harusi. Aliolewa nayo yeye, na mama yangu baada yake. Ilikuwa imekauka kidogo, rangi yake imekolea kama kahawa, lakini nzima, shanga zote mahali pake.

Akaiweka magotini pa Shangazi Atabo. "Wewe ndiye wa kumvika," akasema. "Desturi yenu inataka ngozi itoke mikononi mwako. Basi itoke mikononi mwako."

Shangazi akaipokea. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akaiinua kwenye mwanga. Alikuwa anatafuta jino la panya. Hakuliona. "Imekaa wapi miaka yote hii?" akauliza hatimaye.

Ata alielekeza kidevu tu, kule juu kwenye kidirisha.

Shangazi Atabo akainuka, akaenda mpaka mlangoni mwa stoo, akachungulia, akatazama juu. Akaweka mikono kiunoni. Makinda yakamwimbia, khshshshsh! Ekal alikuwa ameacha kutazama vidole vyake, ametukodolea macho.

Shangazi akageuka. "Huyu ndege," akasema, "mbali na panya, kuna kitu kingine anakula? Nataka kujua kama anakula na maneno niliyosema jana."

Lo! Boma zima lilipasuka kwa kicheko. Mzee Lomuria alikaribia kuanguka kwenye kigoda. Ekal akachukua mkuki kabla hajaambiwa, na fahali alianguka kwa pigo moja safi, la kijana ambaye kumbe alikuwa macho siku zote. Shangazi Atabo mwenyewe aliilainisha ile ngozi kwa mafuta mapya, akanipaka udongo mwekundu kichwani, akanivika, na alipoanza kuimba mwenye usingizi alikuwa ni marehemu peke yake. Bwana Abdi alileta gunia la pili la sukari. Nilicheza siku ile mpaka nyayo zikawaka.

Nikaenda Kakuma kuwa mke wa watu. Unajua neno la kwanza Shangazi alilonituma kwa bibi yangu? Alitaka kinda mmoja, apewe kwenye kikapu. Ata akacheka sana. Akamjibu kwamba bundi haombwi kama mbuzi, hukaribishwa. Aache mgunga mkubwa wa nyuma ya boma usimame, asikate tawi lake lenye tundu, asiwashe moto chini yake, kisha atulie. Shangazi kutulia! Lakini alijaribu. Watu walipokuja na mashoka kutafuta kuni alisimama chini ya mgunga ule na sauti yake, wakaenda kukata kwingine. Na bundi akaja. Kuanzia hapo hukuweza kupita boma lake bila kuonyeshwa "bundi wangu". Wakimbizi waliotoka mbali wakaletwa kambini Kakuma, wengine wakiwa na hofu ile ile ya makwao, aliwaketisha akawavunjia vidonge na kuwasomea: panya, panya, panya.

Sasa nimerudi hapa kuzeeka. Na mji umekua, mwanangu, nami naufurahia. Nafurahi kuona taa, nafurahi kuona wewe unafanya kazi ofisini na kuongea Kiingereza kama maji. Lakini mji ukija na malori ya mahindi, panya nao hushuka humo humo. Chakula kikitupwa nyuma ya hoteli, panya ndio mgeni wa kwanza kukaa. Mimi hukaa nje jioni nikawaona wote ambao watu wanadhani wameondoka. Kalunguyeye anapita ukutani akikoroma kama mzee. Mbweha anakuja mpaka kwenye shimo la taka, ananusa, ananitazama, anaendelea na safari yake. Kanga wanalala kwenye migunga ya mtoni, wanagombana kama wanawake wa kisimani. Hawajatuhama. Sisi ndio tuliojenga mlangoni kwao.

Na hiyo dawa uliyosema. Jirani yangu wa upande wa barabara aliiweka. Panya aliyelishwa sumu hafi papo hapo. Anatoka mchana akiyumbayumba kama mlevi, na bundi ni kama mtu yeyote, akiona chakula kisichokimbia anashukuru Mungu. Niliokota bundi mkubwa chini ya tangi la maji, mabawa wazi. Makinda yalilia juu huko mpaka yakanyamaza. Nilikaa nikalia kama nimefiwa, na sioni aibu kusema. Halafu panya wa jirani wakarudi, wengi kuliko mwanzo, na hakukuwa na mtu wa kuwala. Ilipita misimu kabla ya hawa wa sasa kuingia. Siku niliyosikia tena khshshshsh kutoka stoo, nilimpigia simu mama yako kama aliyepata mjukuu mwingine.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, na haina maneno magumu. Usiue kitu kwa sababu kinalia usiku. Kwanza uliza kinakula nini, kinalea nani, na kabla yako kilimlindia nani. Usizibe tundu la paa kuukuu kabla hujachungulia. Sumu ya panya usiilete katika boma langu wala lako. Funika chakula, fukia taka, na panya wachache watakaobaki tuna mwenyewe wa kuwashughulikia. Mgunga ulioukuta umesimama, jenga pembeni yake, na jua la Lodwar litakufundisha mwenyewe kwa nini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na siku ya harusi yako, kwa kuwa najua mtaleta taa kali na yale maspika makubwa, yaelekezeni upande wa barabara. Yule kijana wa muziki akibisha, nitumieni yeye hapa nimwimbie sauti ya Shangazi Atabo, bado naijua.

Wageni wako wakiuliza, usione haya. Watu wa Kakuma hao, wengine ni wajukuu wa Shangazi, wakisikia bundi watasema tumefika nyumbani. Na asiyejua, mlete kwangu. Vidonge ninavyo tele, nitamsomea.

Lakini kuna jambo moja sijakwambia, na ndilo lililonifanya nikuite badala ya kukujibu kwa simu. Hiyo stoo uliyotaka nisafishe, humo ndimo ngozi ilimo. Iko juu ya boriti, chini ya gunia. Aliivaa Nakiru, akaivaa mama yangu, nikaivaa mimi, akaivaa mama yako. Jana nilipanda nikaikagua kwa vidole, kwa kuwa macho yangu hayafai tena kwa vitu vidogo. Ni nzima. Ni yako.

Sogea sasa, inamisha kichwa nikutemee baraka kama nilivyotemewa. Akuj, Mungu wa mababu, akunyeshee mvua ya taratibu, isiyobomoa. Mume wako awe mpole, lakini ajue siku ya kushika mkuki. Mbuzi wako wazae mapacha, mtama wako ufike jikoni bila jino la panya. Uzae watoto wacheshi kama wale wa kwenye boriti. Na nyumba yako, Nakiru wangu, mpaka mwisho wa siku zako, isikose mzee anayekohoa wala bundi anayelia.

Haya, nenda kaichukue ngozi yako. Ila bisha kwanza, mna watoto wamelala.